Hata Siafu Hupendana



Nawasalimu nyote mnaosoma jarida letu, ninyi mlio hapa Nakivale na wale ambao jarida huwafikia katika makazi mengine. Safari hii sitaandika mahubiri. Nataka tufikiri pamoja juu ya swali moja zito, na nitaanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe.

Mwezi uliopita kulikuwa na msiba katika kijiji chetu. Mama mmoja, jirani yangu wa nyumba ya tatu, alifiwa na mtoto. Yeye hasemi lugha ya kwetu. Tunasalimiana kwa Kiswahili. Sisi watu wa kwetu tuna kikundi cha kusaidiana wakati wa matanga. Kila nyumba inachanga kidogo kila mwezi, na mmoja wetu akifiwa tunanunua sanda na mbao, tunapika, tunakesha kwa mfiwa siku tatu. Mimi ni mshauri wa kikundi hicho. Jioni ile mtunza fedha alikuja kwangu akauliza neno moja tu: "Pasta, huyu ni wa kwetu?" Nikajibu, "Hapana." Akarudi nyumbani. Fedha haikutoka. Nilikwenda kwa yule mama, nikasoma Neno, nikaomba, nikarudi kulala. Mtoto alizikwa kesho yake kwa mchango wa majirani wachache.

Sikusema uongo. Nilijibu kweli. Lakini lile "hapana" limekaa kifuani mwangu mpaka leo.

SWALI LA KIJANA

Wiki ile ile kijana mmoja wa kwaya, anayesoma sekondari, alinijia na daftari lake la baiolojia. Akasema, "Pasta, unisamehe nikikosea. Tumefundishwa kwamba wanyama wanaoishi kwa makundi hulinda kundi lao na kupigana na kundi la jirani. Tumefundishwa pia kwamba mwanadamu na sokwe wana asili moja. Kama ni hivyo, vita vilivyotufukuza nyumbani si dhambi, ni maumbile. Mbona kila Jumapili mnatuambia tutubu? Nani hutubu kwa sababu ana njaa?"

Wazee wangu, msimcheke. Swali hilo ni la akili, na limetoka kwa kijana ambaye vita vilimwacha bila baba. Kama maumbile ndiyo yaliyotuamuru tuchukiane, basi aliyemwua baba yake hana hatia. Na mimi niliyesema "hapana" sina hatia pia.

Kabla sijajibu, niseme neno juu ya elimu hiyo ya asili ya mwanadamu. Wako ndugu kati yetu ambao hawataki hata kuisikia. Wako Wakristo wengine, wasomi na waombaji, wanaoamini kwamba Mungu aliumba kwa njia hiyo ndefu. Nilipokuwa chuo cha Biblia tulijifunza kuikataa kabla ya kuisoma. Siku hizi nimeisoma kidogo, na nimeona ni heri mtu ajue kile anachokikataa au anachokikubali. Wanasayansi wanasema ukoo wa mwanadamu na ukoo wa sokwe ulitengana zamani sana, miaka milioni 6 hivi iliyopita au zaidi. Hawasemi kwamba babu yako alikuwa sokwe wa leo. Wanasema sokwe ni kama binamu wa mbali. Simwombi mtu abadili msimamo wake leo. Naomba tu tuwatazame viumbe hawa, maana ni kazi ya mikono ya Mungu huyo huyo tunayemwabudu.

TUMTAZAME SIAFU

Mithali sura ya 6 inamtuma mvivu akajifunze kwa chungu, mdudu ambaye wengi wetu tunamwita sisimizi. Twende basi, tumtazame yule tunayemfahamu zaidi, yaani siafu. Ni mama gani hapa ambaye hajawahi kumtoa mtoto kitandani usiku kwa sababu ya siafu? Kundi moja linaweza kuwa na mamilioni. Wafanyakazi wote ni wa kike, wote ni watoto wa malkia mmoja, na hawaoni. Hata hivyo wanakwenda kwa mstari, wakubwa wakisimama pembeni kama askari ili wadogo wapite na mizigo. Wakipumzika, huchimba makao chini ya ardhi, wakamhifadhi malkia na watoto ndani. Hakuna anayefanya kazi kwa ajili ya nafsi yake. Ni kikundi gani kati ya vikundi vyetu kinachofikia hapo?

Sasa tuangalie upande wa pili. Sisimizi wa aina nyingi hutambuana kwa harufu. Kila kundi lina harufu yake iliyo juu ya mwili. Akiingia mgeni wa kundi lingine, hata kama ni wa aina ile ile na sura ile ile, humpapasa, hukuta harufu si ya kwao, humshambulia. Harufu hiyo kwa sehemu hutokana na uzazi, lakini kwa sehemu kubwa hupatikana kwa kukaa pamoja. Kuna sisimizi wanaovamia makundi mengine na kuteka watoto ambao bado hawajakamilika. Watoto hao wakikua katika nyumba ya watekaji, hushika harufu ya nyumba ile, wakaitumikia na kuilinda kama ya mama yao. Nani ni "wa kwetu" na nani si "wa kwetu", hilo walijifunza.

Hapo nilijiona mwenyewe. "Huyu ni wa kwetu?" Swali lile la mtunza fedha ndilo swali la sisimizi mlangoni. Tena nikaona jambo ambalo sikuwa nimelifikiri katika miaka yote ya kuhubiri umoja: upendo wa ndani na ukali wa nje vinaweza kukaa katika kundi moja bila kugombana. Tunasema, "Sisi tunapendana sana." Ni vizuri. Hata siafu hupendana.

NG'AMBO YA ZIWA

Baadhi yetu tulizaliwa kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Fizi. Ng'ambo ya ziwa hilo, upande wa Tanzania karibu na Kigoma, kuna msitu wa Gombe. Jane Goodall, mwanamke wa Uingereza aliyefariki mwaka 2025, alifika pale mwaka 1960 kuwachunguza sokwe. Aliona mengi ya kupendeza. Mama akimlea mtoto kwa miaka mingi. Marafiki wakikumbatiana na kuchambuana manyoya. Sokwe akitengeneza kijiti cha kutolea mchwa kichuguuni.

Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 kundi lile likagawanyika, na wengine wakabaki upande wa kusini. Kuanzia mwaka 1974 hadi 1978 madume wa kaskazini waliwavizia wale wa kusini, mara nyingi wengi wakimkuta mmoja peke yake, wakawapiga hata kufa, mpaka kundi la kusini likatoweka. Waliouawa hawakuwa wageni. Miaka michache kabla ya hapo walikuwa wamekaa pamoja chini ya mti mmoja wakichambuana manyoya. Sisi tuliotoka Kivu na Ituri, na ninyi mliotoka Burundi na Rwanda, hatuhitaji mtu atueleze zaidi.

Hata hapa Uganda yapo. Katika msitu wa Kibale, mahali panapoitwa Ngogo, John Mitani na wenzake waliripoti mwaka 2010 kwamba katika miaka 10 waliona mauaji 18 yaliyofanywa na sokwe wa pale dhidi ya majirani. Baadaye sokwe hao wakaingia katika ardhi ya wale waliowaua na kula matunda yake. Eneo lao likaongezeka kwa asilimia 22. Wengine walidhani sokwe wanafanya hivyo kwa sababu wanadamu wamewasumbua. Lakini mwaka 2014 uchunguzi wa makundi 18 ya sokwe kutoka nchi mbalimbali ulionyesha kwamba sababu haikuwa hiyo.

Kwa hiyo mwalimu wa kijana wetu hakumdanganya.

NG'AMBO YA MTO

Ila somo halikuishia hapo. Kongo yetu ina kiumbe ambaye haishi porini mahali pengine popote duniani. Jina lake ni bonobo. Anaishi kusini mwa Mto Kongo, na sokwe wa Gombe na Kibale ni wa upande mwingine wa mto. Maji yale yamewatenga kwa muda wa zaidi ya miaka milioni moja. Ukimwona bonobo kwa haraka utamwita sokwe. Na kwa vinasaba, yaani ule urithi ulio ndani ya mwili, bonobo yuko karibu na mwanadamu sawasawa na sokwe.

Makundi mawili ya bonobo yakikutana kuna kelele, na wakati mwingine kuna kusukumana. Lakini mara nyingi huchanganyika, wakala pamoja, hata siku kadhaa. Mwaka 2023 Liran Samuni na Martin Surbeck waliandika juu ya bonobo wa Kokolopori huko kwetu Kongo. Waliona wakichambuana manyoya na hata kugawiana matunda na wenzao wa kundi lingine, wasio wa ukoo wao. Kwa bonobo, majike wana nguvu kubwa katika mambo ya kundi. Akina baba, msinung'unike. Mimi nasema kilichoonekana.

Wala tusimfanye bonobo kuwa malaika. Mwaka 2024 watafiti walionyesha kwamba madume wa bonobo hugombana wao kwa wao mara nyingi kuliko madume wa sokwe. Lakini bonobo wa kundi moja kwenda kuwaua majirani, hilo halijaonekana.

Basi, mwanangu, maumbile yamesema nini? Upande mmoja wa mto yamesema, "Mvizie jirani." Upande wa pili yamesema, "Kula naye." Wote wawili ni karibu nasi sawasawa. Maumbile yanatuonyesha mambo tunayoweza kuyafanya, mabaya na mema. Hayatuambii lipi lililo la haki. Kitu kuwa cha asili hakukifanyi kuwa amri.

Uliniuliza nani hutubu kwa sababu ana njaa. Hakuna. Lakini mtu hutubu kwa kumnyang'anya mwenzake chakula, hata kama njaa ilikuwa ya kweli. Hofu ya mgeni ni kama njaa. Inakuja yenyewe, na pengine tumezaliwa nayo. Kaini naye alikuwa na hasira moyoni, na kabla hajamwinukia ndugu yake Mungu alimwonya kwamba dhambi iko mlangoni na kwamba inampasa yeye kuishinda. Sokwe wa Gombe hakuonywa na mtu. Sisi tumeonywa. Ndiyo sababu tunatubu.

DAMU

Najua mwingine atasema, "Pasta, hayo ni ya wanyama. Mimi na wale hatuna damu moja. Wao wameumbwa hivyo." Neno hili nimelisikia kwenye foleni ya maji, nimelisikia kanisani, na zamani nililisema.

Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa mwisho alitokwa na damu nyingi. Hospitalini hawakuuliza kabila. Walipima kundi la damu. Yangu haikufaa. Ya kaka yake, waliozaliwa tumbo moja, haikufaa pia. Akawekewa damu ya mtu tusiyemjua. Nilitazama ule mfuko kwa muda mrefu. Ulikuwa na namba, tarehe na herufi ya kundi. Hakuna kitu kingine kilichoandikwa. Makundi hayo ya A, B na O yaligunduliwa na daktari Karl Landsteiner huko Vienna mwanzoni mwa karne ya 20, na yanapatikana katika makabila yetu yote tunayogombana. Ndugu yako wa tumbo moja aweza kukuua kwa damu yake, na mtu wa kabila unalolikwepa akakuponya kwa yake.

Mwaka 1972 mtaalamu mmoja wa Marekani, Richard Lewontin, alipima tofauti za damu za watu wa sehemu nyingi za dunia. Akakuta kwamba karibu asilimia 85 ya tofauti zote ziko kati ya watu wa jamii moja, na sehemu ndogo tu ndiyo inayotenga jamii na jamii. Maana yake, tofauti nyingi za wanadamu utazikuta katika kijiji chako mwenyewe. Na mwaka 2012 waliochunguza sokwe wa Kameruni na maeneo mengine waliona kwamba sokwe wa makundi yanayoishi karibu wanatofautiana kwa vinasaba kuliko wanadamu wa bara moja na wanadamu wa bara lingine. Sisi wanadamu ni ukoo mdogo uliotawanyika haraka. Mifupa ya zamani zaidi ya watu wa namna yetu imepatikana hapa Afrika: Omo nchini Ethiopia, na Jebel Irhoud nchini Moroko, ambayo ina umri wa miaka 300,000 hivi. Waliojaza mabara mengine walitoka kwetu. Rangi ya ngozi ilifuata ukali wa jua la mahali walipokaa. Paulo aliwaambia watu wa Athene kwamba mataifa yote yametoka kwa mmoja. Yako katika Matendo 17:26. Wenye darubini wamefika hapo hapo kwa njia yao.

Kama tofauti ni ndogo hivi, kwa nini imetuua? Someni Waamuzi sura ya 12. Watu wa Gileadi walisimama kwenye vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno moja, Shibolethi. Aliyeshindwa kulitamka vizuri aliuawa. Biblia inasema walikufa watu 42,000. Na hao wote walikuwa wana wa Israeli! Sura hazikuwatofautisha, ndiyo maana ilibidi watafute neno. Na sisi tumeyaona hayo. Watawala wa Kibelgiji walipima pua na vichwa vya watu, na katika miaka ya 1930 wakaandika kabila kwenye vitambulisho vya Rwanda. Mwaka 1994 vitambulisho hivyo vilidaiwa kwenye vizuizi vya barabara, na maandishi yale yakawa kifo kwa Watutsi wengi sana. Macho hayakutosha kutofautisha, ilihitajika karatasi. Uadui unaohitaji karatasi haukutoka tumboni mwa mama. Ulifundishwa, na kinachofundishwa chaweza kuachwa.

BASI TUFANYE NINI?

Nilipeleka jambo hili kwenye kikundi chetu cha matanga. Mtunza fedha, mtu mwaminifu ambaye senti haijawahi kupotea mikononi mwake, alisimama akasema: "Pasta, tukiwazika wote, mwezi wa pili mfuko umekwisha. Nani atatuzika sisi? Na Paulo alimwandikia Timotheo kwamba asiyetunza watu wa nyumbani kwake ameikana imani." Wapendwa, hilo si neno la mtu mbaya. Ni neno la mtu maskini anayehesabu. Hata mimi sina jibu la hesabu.

Nilimjibu hivi. Kuanza nyumbani ni agizo. Kuishia nyumbani si agizo. Katika Mathayo sura ya 5 Yesu anauliza tuna thawabu gani tukiwapenda wanaotupenda na kuwasalimu ndugu zetu tu. Watoza ushuru nao wanafanya hivyo. Angekaa nasi hapa kijijini, pengine angeongeza kwamba siafu nao wanafanya hivyo. Upendo wa wa kwetu tumepewa pamoja na mwili, kama macho na masikio, na tumshukuru Mungu kwa huo. Lakini utii unaanza pale ambapo harufu inakwisha.

Tulibishana sana. Mfuko umebaki kama ulivyokuwa. Lakini nyumba 11 zilikubali jambo dogo: akifiwa mtu yeyote katika mstari wetu, wa lugha yoyote, kila nyumba itapeleka kikombe cha unga na kuni mbili, na vijana watachimba kaburi bila kuuliza jina la ukoo. Mtunza fedha hakukubali. Tunaendelea kusali pamoja, na bado ni rafiki yangu.

Kisha nilikwenda kwa yule mama kuomba msamaha. Alinipa kigoda, akanyamaza kidogo, akasema: "Pasta, wewe ulikuja siku ile, sikusahau. Ila niliona mikono yako mitupu, na nilijua kikundi chenu kina sanda." Sikuwa na neno. Tuliomba, nikaondoka. Juzi alipita nyumbani kwetu akaacha mafungu mawili ya mboga.

Kwako kijana wa kwaya: endelea kusoma baiolojia. Soma mpaka mwisho wa kitabu.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote.

Mchungaji wenu.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi vya nyumbani:

1. Katika nyumba yetu, watoto wanajifunza wapi kwamba fulani si wa kwetu? Nani anawafundisha?

2. Someni Waamuzi 12:1-6. Siku hizi, "Shibolethi" ya kijiji chetu ni ipi: lafudhi, jina, au chakula?

3. Someni Mathayo 5:43-48. Ni jirani gani ambaye akifiwa leo usiku, kikundi chetu kitauliza kwanza yeye ni wa wapi?